Kufuli halilei mtoto



Kuna mazungumzo yanayorudi karibu kila mkutano wa vikundi vyetu, iwe Kadutu, iwe Bagira, iwe Ibanda. Mama mwenye umri anasimama na kusema: "Sisi zamani hatukuchungwa na mtu. Tulicheza mpaka giza, tulipanda miti ya avoka, tulishuka ziwani peke yetu, na mtuone, tuko hapa." Mama kijana naye anajibu: "Mama, wakati wenu hakukuwa na pikipiki wala watu wabaya. Mimi wangu nawafungia ndani na kufuli mpaka nirudi sokoni, ndipo roho yangu inatulia." Mkutano unagawanyika pande mbili, kila upande unapiga makofi kwa wake, kisha tunapita kwenye jambo lingine.

Wiki hii tusipite. Kila mmoja wa wamama hao wawili anasema ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watoto.

Je, ni kweli hatukuchungwa?

Tuanze na wakubwa wetu. Mtu aliyekulia Kabare au Walungu, nyumba ikiwa katikati ya migomba, anaweza kuona kwamba alikuwa huru kama ndege. Lakini akumbuke vizuri. Tate alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharagi, macho yako njiani. Shangazi alikuwa shambani ng'ambo ya ua. Jirani aliyepita na mzigo wa kuni alisimama akauliza: "Wewe ni mtoto wa nani? Unaenda wapi saa hii?" Ukifanya ujinga mtoni, habari ilifika nyumbani mbele yako, na fimbo ilikuwa imekwisha kukatwa. Wavulana walipopeleka mbuzi malishoni hawakwenda mmoja mmoja. Walikuwa kundi, wakubwa na wadogo, na mkubwa alijua kwamba mdogo akipotea ni yeye atakayejibu.

Huko si kutochungwa. Ni kuchungwa na macho ishirini bila mtoto kujua. Hakuna aliyekuita jambo hilo usalama wa watoto, wala hakuna aliyelifanyia semina. Lilikuwa maisha tu. Hata mjini, kabla kartie hazijajaa hivi, ilikuwa karibu namna hiyo hiyo: mtoto alikula pale njaa ilipomkuta, na mama yeyote wa avenyu alikuwa na haki ya kumkaripia.

Hiyo ndiyo nusu nzuri. Sasa nusu nyingine, tuiseme kwa heshima. Yule anayesema "mtuone, tuko hapa" ni yule aliyebaki. Wale ambao hawakubaki hawaji kwenye mkutano kutoa ushuhuda. Muulize mama yako, au mama-mkwe wako, polepole, siku mkiwa wawili jikoni: ulizaa wangapi, na wangapi walikua? Wengi watanyamaza kidogo kwanza kabla ya kujibu. Surua ilichukua, malaria ilichukua, kuhara kulichukua. Na kulikuwa na yule aliyeanguka kwenye chungu cha maji ya moto, na yule aliyekwenda kuoga mtoni asirudi.

Watu walisema: Mungu amependa. Neno hilo liliwasaidia wamama wengi kusimama tena, nasi hatulidharau. Lakini lilifunga swali. Hakuna aliyeuliza kwa nini chungu kilikuwa chini, pale mtoto anapotambaa. Mwaka uliofuata chungu kilikuwa pale pale, na mtoto mwingine alikuwa anatambaa.

Mabadiliko makubwa ya kizazi chetu ni hapo. Si kwamba tunapenda watoto kuliko walivyowapenda wazee wetu. Ni kwamba tumeanza kuuliza: hili lingezuilika? Ndiyo maana mama anapanga mstari kituo cha afya toka asubuhi na karata ya chanjo mkononi. Na tusidhani kazi imekwisha. Mwaka 2019 surua ilipita katika nchi yetu na kuua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto ambao hawajafika miaka 5. Chanjo ilikuwepo duniani miaka mingi. Watoto wengi hawakuwa wameipata.

Mji umebadilisha hatari

Sasa tumgeukie mama kijana na kufuli lake.

Ana sababu. Bukavu si ile ya zamani. Tangu vita vya 1996 watu wengi wamekimbia vijiji na kuja kutafuta kimbilio mjini, na mji wenyewe ni mabonde na milima, hauna mahali pa kupanukia. Nyumba za mbao zimepandana Nyamugo, Nkafu, Panzi na kwingineko, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Unaweza kukaa miezi sita bila kujua jina la anayelala upande wa pili wa ubao. Barabarani motari wanashuka mlima kwa kasi, na mara nyingine pikipiki moja inabeba watoto watatu wa masomo pamoja na mikoba yao. Nyaya za umeme zimeunganishwa ovyo na zinaning'inia pale mtoto anapoweza kuzifikia.

Na mama hayupo. Hatusemi hilo kwa kumlaumu. Saa kumi na moja asubuhi yuko njiani kwenda mpaka wa Ruzizi na bidhaa kichwani, au soko la Kadutu kutafuta nafasi kabla haijachukuliwa. Asipokwenda, jioni hakuna ugali wala sombe. Tate yuko kijijini, au amekwisha kufariki. Shangazi naye yuko sokoni. Yaya, mtoto wa miaka 8, ndiye aliyebaki na mdogo wake mgongoni. Basi mama anafunga mlango, anatia ufunguo ndani ya kitenge, anakwenda. Kufuli hilo ni upendo. Ni upendo wa mama ambaye hana mtu wa kumwachia mtoto.

Lakini tuseme ukweli juu ya kufuli hilo.

Kila mama wa Bukavu anajua makelele ya moto usiku au katikati ya mchana wa kiangazi: mabati yanalia, watu wanaita, ndoo zinapita mkono kwa mkono. Na tunajua unavyoanza. Kipande cha mshumaa kilichosimikwa juu ya kopo. Mbabula iliyowekwa karibu na pazia. Resho ya umeme ambayo mtu alikuwa anapikia, umeme ukakatika, akasahau kuizima, akatoka, umeme ukarudi wakati nyumba haina mtu mkubwa. Bidoni ya mafuta ya gari ya kijana anayeuza kando ya barabara, imelazwa chini ya kitanda kwa kuwa hakuna pa kuiweka. Ubao ukishika moto, hausubiri. Gari la kuzima moto, hata likija, haliwezi kupita katika vijia vyetu ambamo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu.

Majirani wakifika, swali lao la kwanza ni moja: "Kuna watoto ndani?" Na ufunguo uko sokoni, ndani ya kitenge.

Wamama, hapa hatuna maneno ya kupamba. Mtoto aliyefungiwa hana njia. Zamani hatari ilikuwa mto, nyoka, homa, na mtoto alikuwa na macho ishirini. Leo hatari imo ndani ya nyumba, pamoja na mtoto, na tumeondoa macho yote tukaweka chuma mahali pake. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee. Basi kufuli, ambalo halina hata mkono, litamlea namna gani?

Kuna na hatari ndogo ambazo kufuli linazificha. Petroli iliyowekwa ndani ya chupa ya Fanta, mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua. Soda ya kutengenezea sabuni, ambayo wengi wetu tunaitumia katika kazi zetu za kikundi: inafanana na chumvi au sukari, na ikigusa mdomo inachoma mpaka ndani ya koo. Mtoto akinywa kimojawapo, msimtapishe. Kikirudi juu kinachoma mara ya pili, na petroli inaweza kuingia katika mapafu. Msimpe kitu cha kumtapisha, wala kidole, wala mafuta ya mawese. Mbebeni haraka kituo cha afya, na chupa yenyewe ichukueni ili muganga aone ni kitu gani.

Akiungua, ni maji. Maji safi ya baridi ya kawaida, yamwagike juu ya kidonda dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha muganga. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta, si unga. Wakubwa wetu walitufundisha hayo kwa nia njema, lakini yanafungia joto ndani ya ngozi na kuleta vidonda vibaya. Na mbabula yenye makala isilale ndani pamoja na watu, hata usiku wa baridi. Hewa yake haina harufu wala haikohozi mtu. Inalaza watoto, nao hawaamki.

Tunamwogopa nani?

Sababu ya pili ya kufuli ni mtu mbaya. Tumefundisha watoto: usipokee biskuti kwa mtu usiyemjua, usipande pikipiki ya mtu usiyemjua. Ni sawa, tuendelee kufundisha. Lakini tusiishie hapo.

Hakuna mama wa Kivu ya Kusini asiyekumbuka Kavumu. Kati ya mwaka 2013 na 2016 mabinti wadogo walichukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao, wakiwa wamelala karibu na wazazi wao, wakabakwa. Walipita 40. Wengine hawakuwa wamefika hata umri wa kuanza masomo. Milango ilikuwa imefungwa. Wengi walifikishwa hospitali ya Panzi, ile aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Watu walinong'ona muda mrefu kabla ya mtu kusikilizwa. Lakini familia zilikubali kusema, waganga waliandika walichokiona, wanasheria walifuata. Mwezi wa 12 mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu penyewe na kuwahukumu watu 11 kifungo cha maisha. Kiongozi wao hakuwa mgeni aliyetoka mbali. Alikuwa mbunge wa jimbo, mtu ambaye watu walimsalimu njiani.

Kavumu inatufundisha mambo mawili. La kwanza: anayemdhuru mtoto, mara nyingi, ni mtu anayejulikana. Anaweza kuwa jirani, mpangaji, mjomba, mwalimu, mtu wa maombi, kijana anayeletwa nyumbani kusaidia kazi. Mtoto aliyefundishwa kuogopa wageni tu hana neno la kusema siku mtu wa nyumbani anapomgusa vibaya. La pili: kilichosimamisha ubaya ule ni watu kufungua vinywa.

Na hapo ndipo lazima tuachane kabisa na kizazi kilichopita. Zamani mambo haya yalizungumzwa na wababa nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuja, bia ilikuja, pengine binti mwenyewe alipelekwa kuwa mke wa yule aliyemharibu, na mama aliambiwa anyamaze ili jina la familia lisichafuke. Tusidanganyane kwamba imekwisha. Mbuzi bado wanatembea.

Sheria ya nchi yetu haiko upande wa mbuzi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na kumbaka mtoto kunaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 7 mpaka 20. Kosa hilo haliishi kwa kulipa faini polisi, wala kwa mapatano ya familia mbili.

Kama limetokea, kumbukeni saa 72. Ndani ya siku tatu, mtoto akifika hospitali, waganga wanaweza kumpa dawa za kuzuia ukimwi, na msichana aliyekwisha kubalehe dawa ya kuzuia mimba. Kila saa inayopotea kwenye majadiliano ya mbuzi inatoka katika saa hizo 72. Msimwogeshe kwanza, nguo zake msizifue, zitieni katika karatasi au kitambaa safi mwende nazo. Na hata kama siku tatu zimepita, nendeni. Mtoto bado anahitaji kutibiwa na kusikilizwa.

Mfundisheni mtoto mapema, kwa maneno mepesi, wakati wa kumwogesha: hapa na hapa ni pako, hakuna mtu wa kupachezea, hata mjomba, hata mwalimu. Mtu akikuambia "hii ni siri yetu, usimwambie mama," hiyo ndiyo siri ya kumwambia mama. Na siku akisema, msimpige. Mtoto aliyepigwa kwa kusema ukweli hatasema mara ya pili.

Adui ambaye si adui

Kuna hofu nyingine ambayo ni ya siku zetu kuliko ya wazee. Zamani neno la uchawi lilitupiwa watu wazima, hasa wazee. Ni tangu miaka ya 1990, pamoja na umaskini na vita, kwamba kumshutumu mtoto mdogo kumeenea katika miji ya Kongo. Biashara inaanguka, mtu anaugua, na kidole kinamwendea yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au yule anayekojoa kitandani, au mwenye kifafa. Anafungiwa chumba cha maombi bila chakula. Anafukuzwa, anakwenda kulala sokoni.

Tuseme wazi: mtoto huyo haleti hatari nyumbani. Yeye ndiye aliye hatarini. Katiba yetu inakataza jambo hilo katika kifungu cha 41, na sheria ya 2009 katika kifungu cha 160 inampa anayemshutumu mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini ya franka 200,000 mpaka 1,000,000. Mchungaji wala nabii hakuondolewa katika sheria hiyo. Mama wa kikundi akisikia jirani anaanza kusema maneno hayo juu ya mtoto, aende mapema, akae naye, ampeleke mtoto kituo cha afya. Kifafa kina dawa. Kukojoa kitandani kuna sababu, na mara nyingine sababu yake ni hofu.

Jina mdomoni

Jambo moja ambalo vita na volkano vimetufundisha, na ambalo wazee hawakulihitaji kijijini ambako kila mtu alimjua kila mtu. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ilipasuka jioni, na watu wa Goma wakakimbia usiku, wengine upande wa Sake, wengine Rwanda. Siku iliyofuata UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 inahofiwa wamepotea. Wengi wetu tuliokimbia mwaka 1996 tukiwa wadogo tunajua hali hiyo: mkono uliokushika unateleza katikati ya watu, na dakika moja baadaye huuoni tena.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kujua jina lake lote, si "Bebe" wala "Chouchou" tu. Anaweza kujua jina la baba na la mama, maana akiulizwa "mama yako ni nani?" na kujibu "ni mama," hajasaidia. Wa miaka mitano anaweza kuimba namba ya simu ya nyumbani kama wimbo. Wafundisheni wakati wa kupika, kila jioni, mpaka ilale ulimini. Na aliyezaliwa aandikwe kwa serikali kabla ya siku 90 kupita, maana mtoto asiye na cheti ni vigumu kumtafuta na ni vigumu kumtetea.

Basi tufanye nini?

Hatuwezi kurudi kwenye migomba ya Kabare, wala hatuwezi kumwambia mama asiende sokoni. Lakini macho yale ishirini tunaweza kuyarudisha, kwa kuwa tayari tuna vikundi. Tunaaminiana fedha katika likelemba na muso. Ikiwa ninaweza kukuachia franka zangu za mwezi, kwa nini nisiweze kukuachia mtoto wangu wa asubuhi moja?

Hapa kuna pendekezo, ili kila kikundi kilijadili wiki hii. Wamama watano au sita wa avenyu moja wapange zamu. Kila siku mmoja hatoki kwenda sokoni. Anabaki na watoto wadogo wa wote, katika ua mmoja, mlango wazi. Wengine wanachanga kidogo kutoka katika mapato ya siku, ili yule aliyebaki asilale njaa. Wachange na uji wa watoto, unga na sukari kidogo kila mmoja. Yaya wa miaka 8 anarudi masomo, mahali pake. Watoto wakiwa wengi sana kwa mtu mmoja, wawe wawili, mama mmoja pamoja na mmoja wa wazee wetu. Mzee huyo msimpe kazi ya kukimbia, mpeni kiti mlangoni. Macho yake bado yanafanya kazi, na ataona kile ambacho sisi wenye haraka hatukioni.

Na kuna sheria mbili za zamu hiyo, zisivunjwe na mtu. Hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto wa wengine peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, hata tukimwamini namna gani. Na kila mtoto anajua mama wawili, mbali na wake, ambao anaweza kuwaambia neno lolote bila kupigwa.

Wakati zamu hazijaanza, basi angalau haya, kuanzia kesho asubuhi. Ufunguo wa pili uachwe kwa jirani, na watu wengine wawili wajue uko wapi. Ikiwezekana, mtu mkubwa akitoka, kufuli lisitumike kabisa kwa nyumba yenye mtoto. Resho ichomolewe, si kuzimwa tu. Petroli na soda ziwekwe juu, katika vyombo ambavyo havijawahi kuwa vya kinywaji. Kiongozi wa nyumba kumi aombwe aite watu waonyeshane njia ya kutokea moto ukija, na pipa la mchanga au la maji liwe pale kila mtu anapojua.

Mkutano ujao kila kikundi kilete majina ya wamama walioanza zamu na siku zao. Na kabla ya hapo, leo jioni, yule mwenye ufunguo mmoja tu aende kumwona fundi.